Waiswa, tatizo si kilowati, ni hewa

Entebbe

Ndugu yangu Waiswa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Jinja. Umeuliza kwa nini leza ya meli, ile silaha ya mwale wa mwanga, isiongezwe nguvu tu inaposhindwa kutoboa droni. Nguvu zipo: mwaka 2014 meli ya Marekani USS Ponce ilibeba leza ya kilowati 30 hivi huko Ghuba ya Uajemi. Mgomvi wake ni hewa.

Leza za siku hizi hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa mikromita 1 hivi, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa kioo cha kuelekeza mwale chenye kipenyo cha sentimita 30, doa la mwanga umbali wa kilomita 5 lina upana wa sentimita 4 tu, hata hewa ikiwa safi kabisa. Sasa leta unyevu na chembe za chumvi. Zikila asilimia 10 ya mwanga kila kilomita, asilimia 59 inafika. Zikila 25, haifiki hata robo.

Halafu kuna mtetemo, kama ule unaouona juu ya sigiri yenye makaa. Doa hucheza na kuvunjikavunjika. Dawa yake ni kioo kinachobadili umbo mara mamia kwa sekunde, kikifuata vipimo vya mwanga unaorudi kutoka kwenye shabaha.

Lakini linalonikera hasa ni hili: mwale hujiharibia njia wenyewe. Kiasi kidogo kinachomezwa huipasha hewa joto, hewa inatanuka, na njia inageuka lenzi ya kutawanya mwanga. Upepo unaokatiza husaidia kwa kuleta hewa mpya. Droni inayopita ubavuni nayo husaidia, maana mwale unafagia hewa ambayo haijapashwa. Ikija moja kwa moja kuelekea melini, mwale unaikaanga hewa ileile. Yaani adui wa hatari zaidi ndiye mgumu zaidi kuchomwa. Hapo, ukivuka kikomo fulani, kila kilowati unayoongeza inapunguza makali kwenye doa! Afadhali kioo kikubwa zaidi, ili mwale uwe mpana njiani na ukusanyike mwishoni.

Tena usisahau umeme: takriban theluthi moja tu inageuka mwanga, inayobaki ni joto la kupoozwa.

Uliuliza pia kama leza inafaa kwenye mvua. Jibu ni fupi: meli ya kivita ya Marekani USS Preble ina leza ya kilowati 60 na ushee, na bado inabeba mzinga na makombora.

Wako,
Mugisha