Mji ukimezwa, jumba lake lisifungwe

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie majumba ya manispaa yanayobaki bila manispaa, mji wa pembezoni unapounganishwa na jiji kubwa. Husemwa haraka kwamba jengo limekwisha kazi, liuzwe. Anayesema hivyo aitazame Schöneberg, Berlin.

Schöneberg ilikuwa mji unaojitegemea ilipojenga jumba lake, kuanzia 1911 hadi 1914. Oktoba 1, 1920 ikaingizwa Berlin, na jumba likawa ofisi ya wilaya. Jiji lilipogawanyika baada ya Vita vya Pili vya Dunia, makao ya meya yalibaki mashariki, hivyo bunge na serikali ya Berlin Magharibi vikahamia Schöneberg. Mnarani ikawekwa kengele ya takriban tani 10, zawadi ya Wamarekani ya mwaka 1950. Rais Kennedy alihutubia hapo mbele Juni 26, 1963. Uwanja una jina lake hadi leo.

Mapema miaka ya 1990 wakubwa waliondoka. Jengo halikufa, maana shughuli za kila siku hazikuondoka nao. Meya wa wilaya ana ofisi humo. Baraza la wilaya, lenye wajumbe 55, hukutana humo na mwananchi yeyote anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Kuna maonyesho ya kudumu kuhusu majirani Wayahudi walioteswa na kuuawa na Wanazi. Mwisho wa wiki uwanja hugeuka soko la vitu vilivyotumika. Kwangu mimi hayo yana uzito kuliko hotuba ya Kennedy.

Majumba mengine hufa, na njia huwa ni moja. Madirisha ya huduma huhamishwa "kwa muda". Watu wakikoma kuja, hakuna anayeona kwamba mifereji ya paa imeziba majani. Maji hushuka ukutani, lipu hubanduka, fundi huziba kwa saruji. Ukuta wa zamani wa chokaa ukifunikwa saruji haupumui. Unyevu hunaswa ndani na kuzidi kupanda. Makadirio ya ukarabati yakifika mezani ni makubwa mno, na kuuza kunaonekana busara.

Basi haya yaandikwe kwenye makubaliano kabla miji haijaunganishwa: dirisha lipi linabaki na siku zipi, ukumbi wa madiwani unakodishwaje kwa vikundi vya wakazi, rejista za zamani zinatunzwa wapi. Na jengo lipewe kifungu chake cha bajeti, mifereji isafishwe angalau mara mbili kwa mwaka.

Msomaji wako