Makadirio ya kikosi cha wanawake cha UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani), msimu wa 2025-26

Habari zenu wapenzi wa kikapu. Kabla ya Novemba, kila mmoja atume hapa mgawo wake wa dakika kwa mechi moja. Robo 4 za dakika 10, wachezaji 5 uwanjani: jumla lazima iwe 200. Wengi hukwama hapa, maana wakimpa kila nyota dakika nyingi mno, benchi linabaki bila kitu, na mchezaji akifikisha faulo 5 hakuna wa kuingia.

Pointi hazinipi wasiwasi. Fainali ya ubingwa wa vyuo vya Marekani (NCAA) ya Aprili 2025, UConn ikiifunga South Carolina 82-59, Azzi Fudd na Sarah Strong walipata 24 kila mmoja, na wote wamebaki kwa msimu wa 2025-26. Shida ni pengo la Paige Bueckers, aliyekwenda Dallas Wings, timu ya ligi ya kulipwa ya WNBA: nani atapandisha mpira akibanwa uwanja mzima? Mimi namtegemea KK Arnold, akipumzishwa na Kayleigh Heckel aliyehamia kutoka USC (Chuo Kikuu cha Southern California). Atakayempa Fudd kazi hiyo aeleze sababu, kwa kuwa hatari yake ni kupokea pasi na kurusha papo hapo. Kumbukeni pia jeraha lake la goti la 2023. Zaidi ya dakika 32 ni nyingi.

Chini ya kikapu yupo Serah Williams kutoka Chuo Kikuu cha Wisconsin, pamoja na Jana El Alfy wa Misri. Andikeni dakika zao za kucheza pamoja kando, kwani wakiwa wawili njia ya kupenya inajaa.

Tumeni jina, nafasi, dakika. Mwisho Jumapili saa 3 usiku.