Kabla hujapanda Shinkansen

Mpendwa Mwanaisha,

Salamu nyingi. Hiyo safari yako ya Shinkansen, treni ya mwendo kasi ya Japani, toka Tokyo hadi Kyoto isikutie hofu. Treni yenyewe haina taabu. Taabu iko stesheni, kwenye tiketi, na zaidi kwenye sanduku lako. Nianze na sanduku.

Chukua futi ya fundi cherehani, pima urefu, upana na kimo, kisha ujumlishe. Lisipozidi sentimita 160, weka kwenye rafu iliyo juu ya viti. Lile kubwa la ndege lenye jumla ya 158 linapita, ila kulinyanyua likiwa limeshiba ni shughuli yako. Likizidi 160 lakini halijapita 250, lazima ukate kiti cha safu ya mwisho chenye nafasi ya mzigo mkubwa nyuma yake. Huongezi hata yen moja, lakini ukiingia nalo bila kuliwekea nafasi utatozwa yen 1,000. Zaidi ya 250 halipandi kabisa.

Panda Nozomi, Shinkansen ya haraka zaidi kwenye njia hiyo: saa mbili na robo hivi, karibu yen 14,000 kwa kiti cha kuwekewa nafasi. Treni ya Hikari huchukua muda zaidi kidogo, na ya Kodama husimama kila stesheni. Watu watakushauri ununue pasi ya siku 7 ya JR, yaani kampuni za reli za Japani. Oktoba 2023 ilipanda hadi yen 50,000, na Nozomi bado utaiongezea pesa. Kwa kwenda na kurudi Kyoto tu, ni hasara.

Mashine yaweza kukupa karatasi mbili, ya nauli na ya mwendo kasi. Zitumbukize getini zote mbili kwa pamoja, uzichukue zinapotokea mbele. Wengi husahau hapo, na Kyoto utazihitaji ili utoke.

Stesheni ya Tokyo ina Shinkansen za kampuni mbili, kila moja na mageti yake. Za Kyoto ziko majukwaa ya 14 hadi 19. Ya 20 hadi 23 ni za kwenda kaskazini, na tiketi yako haifungui huko. Hakuna ukaguzi wa mizigo kama wa stesheni ya treni ya Nairobi, kule Syokimau, kwa hiyo nusu saa inatosha, nayo ni ya kutafuta geti tu. Angalia saa vizuri: 15:03 kwenye tiketi ni saa tisa na dakika tatu alasiri, na dakika hiyo hiyo inaondoka. Ukiachwa na treni yako, tiketi bado inakubalika siku hiyo kwenye mabehewa ya viti huria, yaani visivyowekewa nafasi, ya treni ya baadaye.

Omba kiti E, upande wa kulia. Baada ya dakika 40 na kidogo, mlima Fuji utatokea dirishani, mawingu yakiruhusu. Toroli la vyakula liliondolewa kwenye mabehewa ya kawaida, basi nunua chakula stesheni. Kula kitini si utovu wa adabu. Kupiga simu ndiko, nenda kaongelee mlangoni. Na kwa kuwa huli nguruwe wala kilevi, tahadhari na mirin, mvinyo wa mchele unaotiwa kwenye michuzi mingi.

Kyoto treni husimama kidogo sana. Likisikika tangazo tu, shusha sanduku usogee mlangoni. Ukipitilizwa hadi Shin-Osaka, stesheni inayofuata, usitoke getini. Mwone mfanyakazi kwanza umweleze.

Wako,
Rehema