Mwanangu, Fuata Maji Usifuate Sifa ya Mto

Mwanangu mpendwa,

Orodha yako ya mito ya kwenda kuvua trauti kwa nzi bandia nimeipata. Mito mitano kwa wiki moja, yote ya milimani, yote mashuhuri, na hakuna hata mmoja uliowahi kuutia macho. Nimefurahi kuona umepania. Lakini kabla hujalipia chochote, nakuomba ufute mitatu, maana kwa mpango huo utashinda garini kuliko majini.

Tena wingi wenyewe si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba mito yote mitano ni ya aina moja, inategemea mvua na theluji inayoyeyuka. Ikinyesha usiku mmoja huko juu, yote itachafuka kwa pamoja. Trauti ni samaki wa maji baridi anayewinda kwa macho, na maji yakishageuka tope, nzi wako bandia, ile ndoana iliyopambwa ifanane na mdudu, hata awe mzuri vipi hataonekana. Utakaa ukingoni na leseni yako mfukoni ukihesabu siku.

Badala yake, tafuta mahali pamoja pa kulala, ambapo kwa mwendo wa saa moja hivi unafikia maji ya aina tatu: mto wa milimani, mto unaotoka chini ya bwawa, na kijito cha chemchemi. Kijito cha chemchemi hakiyumbi. Maji yake yamechujwa ardhini, joto lake halipandi wala kushuka sana mwaka mzima, na mvua ya usiku mmoja haikisumbui. Ila samaki wake ni wachaguzi kwelikweli, kwa sababu chakula kipo tele na maji ni maangavu. Mto wa chini ya bwawa kubwa mara nyingi hupata maji baridi yanayotolewa kwenye kina, kwa hiyo joto likizidi kwingine, huko ndiko kwa kukimbilia. Kasoro yake ni mitambo ya umeme: ikiwashwa, maji hupanda ghafla na angani hakuna wingu. Tafuta ratiba ya kufungulia maji. Na ukiwa mtoni, chagua jiwe moja la ukingoni lililo nusu nje ya maji, ulitazame mara kwa mara. Likianza kuzama, toka, hata kama samaki yuko kwenye ndoana.

Ukiwa na maji ya aina hizo tatu karibu yako, mvua haikuharibii safari, inakuhamisha tu.

Sasa tarehe. Watu huchagua wiki kwa kufuata likizo, kisha wakaulaumu mto. Wewe anza na joto la maji. Maji baridi hubeba oksijeni zaidi: yakiwa na nyuzi 10 za Selsiasi, lita moja inaweza kubeba miligramu 11 hivi, yakifika nyuzi 20 ni kama 9 tu. Trauti hula vizuri kati ya nyuzi 10 na 16. Yakifika 20, kunja fimbo yako ya kuvulia ukapumzike, kwa sababu samaki aliyechoshwa kwenye maji ya namna hiyo anaweza kufa hata ukimwachia vizuri. Kipimajoto kidogo cha kufunga kwa uzi kitakusaidia kuliko kisanduku kizima cha nzi wapya. Kama ni majira ya joto, vua alfajiri, mchana ulale.

Nchi nyingi zina vituo vya kupima mtiririko wa mito, na takwimu zake huwekwa wazi kwenye intaneti. Usizitazame juujuu. Meta za ujazo 20 kwa sekunde ni mafuriko kwenye mto mdogo, na kwenye mto mkubwa ni ukame. Linganisha na wastani wa mto uleule kwa tarehe ileile, kisha angalia mchoro wa wiki nzima. Mchoro unaoshuka taratibu baada ya mvua ndio ninaoupenda mimi. Na kama unawaza New Zealand au Patagonia, kule kusini mwa Amerika Kusini, kumbuka majira yao yamepinduka. Msimu wao huanza karibu na Oktoba au Novemba.

Usidhani mto mgeni una samaki mgeni. Mwaka 1864 mayai ya trauti wa kahawia yalivushwa bahari kwa meli iitwayo Norfolk, kutoka Uingereza hadi Australia, yakiwa yamezungushiwa barafu, yakaanguliwa kisiwani Tasmania. Miaka mitatu baadaye vizazi vyake vikafika New Zealand. Samaki hao walikuta mito isiyofanana na ya kwao, lakini wakaendelea na desturi zao: kukaa mahali mkondo unapopungua nguvu, karibu na mkondo mwingine unaoleta chakula. Mambo uliyojifunza kwenye mto uliouzoea, utaenda nayo. Kitakachokushangaza ni maji.

Na sheria. Hapa usibahatishe kabisa. Montana, jimbo la Marekani, sheria ya mwaka 1985 inawaruhusu watu wote kutumia mito chini ya alama ya kawaida ya maji ya juu, ilimradi wameingilia mahali panaporuhusiwa. Uingereza, leseni ya fimbo haitoshi. Unahitaji pia ruhusa ya mwenye haki ya kuvua kwenye kipande hicho cha mto. Mto mmoja unaweza kuwa na sehemu ya nzi bandia tu, sehemu ya kumrudisha kila samaki, na sehemu iliyofungwa kwa sababu samaki wanataga. Soma kanuni za kila kipande, siyo za nchi tu.

Mwongozaji mlipe siku ya kwanza. Wengi humwita siku ya mwisho, wakishakata tamaa, na maarifa wanayopata wanarudi nayo nyumbani yakiwa hayana kazi. Muulize samaki hukaa wapi maji yakiwa haya, na hukaa wapi yakipanda. Jina la nzi wa bahati yake usilihangaikie.

Ukifika mtoni, fimbo iache imelala. Ingiza mkono majini penye mkondo wa wastani, inua jiwe la ukubwa wa kiganja, uligeuze. Utaona vijumba vidogo vya mchanga na vijiti vilivyogandamana na jiwe. Ndani yake mna mabuu. Utaona wadudu bapa wanaokimbilia upande wa kivuli, wengine wana mikia mitatu, wengine miwili. Angalia ukubwa na rangi yao, kisha chagua nzi anayekaribiana nao, ukubwa kwanza. Jiwe lirudishe lilivyokuwa. Kwenye mawe makavu ya ukingoni ukikuta maganda matupu yaliyopasuka mgongoni, ujue wadudu wakubwa wamekuwa wakitambaa kutoka majini.

Halafu piga magoti. Trauti anautazama ulimwengu wa juu kupitia duara la mwanga lililo juu ya kichwa chake, pembe yake ni nyuzi 97 hivi. Akiwa kina cha meta moja, duara hilo lina upana wa zaidi kidogo ya meta mbili, na vitu vilivyo chini karibu na usawa wa maji anaviona kwa shida. Mtu aliyesimama wima na shati jeupe anaonekana mapema. Mfikie kwa nyuma, ukitokea chini ya mto, maana yeye kichwa amekielekeza mkondo unakotoka. Nzi wako aelee kwa mwendo wa maji yaleyale. Mshipi ukimvuta hata kidogo, samaki wa chemchemi atamkataa.

Viatu vyenye nyayo za felti, kile kitambaa kinene cha sufu iliyoshindiliwa, viache. New Zealand ilivipiga marufuku mwaka 2008, baada ya mwani vamizi uitwao didimo kuonekana huko mwaka 2004, kwa kuwa felti hukaa na unyevu na kubeba vijidudu. Popote uendako, safisha vifaa kati ya mto na mto. Vikishakauka, viache tena saa 48 kabla ya kugusa maji mapya. Hesabu muda huo kwenye mpango wako, au beba jozi ya pili ya viatu. Hii nayo ni sababu ya kufuta ile mitatu.

Mengine unayajua: mkanda kiunoni juu ya suruali ya mpira, fimbo ya kuegemea, usivuke peke yako maji yanayopita mapaja, kokoto safi zinazong'aa usizikanyage wakati wa kutaga, mikono iwe na maji kabla ya kumshika samaki.

Nitumie mpango mpya kabla ya mwisho wa mwezi, na uandike jina la mahali utakapolala, mto wa kila siku na wa akiba yake, na saa utakayonipigia jioni. Usipopiga, nitaanza kuulizia.

Mama yako akupendaye