Mhariri, rimu kuukuu za go-kati zisipelekwe kuyeyushwa

Mhariri,

Nipe nafasi kwa ukurasa wako niongee na watu wa vyuma chakavu, wenye viwanja vya go-kati na yeyote aliye na vitu vya zamani kwa stoo. Kuna jambo linaendelea hapa Nairobi na linaniuma sana. Zile rimu ndogo za go-kati (vile vigari vidogo vya mashindano vinavyokaa chini karibu na lami), za inchi tano, zikishapoteza rangi na kushika ule unga mweupe zinatupwa kwa gunia, gunia linapimwa kwa kilo, na siku mbili baadaye ziko kando ya tanuru zinangoja kuwa sufuria. Juzi nimekuta gunia kama hilo kwa jamaa mmoja wa skrapu, nikamuuliza kama anajua amenunua nini, akanijibu, "Boss, hiyo ni alumini tu."

Zingine ni alumini kweli. Lakini rimu nyingi za mashindano za miaka ya nyuma zilikuwa za magnesiamu, na huyo jamaa hajawahi kupata mtu wa kumwambia. Magnesiamu inayeyuka kwa nyuzi 650 hivi za Selsiasi, alumini nayo 660, kwa hivyo kwa tanuru zinaenda bega kwa bega na fundi hawezi kushuku kitu, shida ni kwamba magnesiamu ikishika moto inawaka mwanga mweupe wa kuumiza macho, na ukikimbilia maji umejimaliza, juu maji yakikutana na huo moto yanatoa hidrojeni na hidrojeni inalipuka. Moto huo unafunikwa na mchanga mkavu kabisa au ile poda maalum ya moto wa vyuma, basi. Sasa fikiria kijana wa miaka kumi na nane amesimama hapo bila hata miwani.

Kuzitofautisha si kazi ngumu. Kwanza uzito, magnesiamu ni kama theluthi mbili tu ya uzito wa alumini kwa ukubwa uleule, ukiinua utajua. Kama bado una shaka kwangua sehemu iliyojificha mpaka uone chuma kisafi, udondoshe siki ya kawaida ya jikoni. Magnesiamu inatoa vipovu papo hapo. Alumini inanyamaza.

Lakini barua hii si ya kutisha watu, nataka hizo rimu zifufuliwe juu nyingi bado ziko na maisha. Rimu mpya ya go-kati huku kwetu lazima iagizwe ng'ambo na ulipe usafiri na ushuru, na kumbe ile ya zamani inahitaji tu mikono yenye subira.

Kitu cha kwanza kabisa, na hapa naomba msomaji asiruke, ni upepo. Kuna rimu za go-kati ambazo ni nusu mbili zilizoshikwa pamoja na bolti. Usiguse hizo bolti kabla hujafungua kile kisindano cha ndani ya valvu na upepo wote ukaisha, maana ukizilegeza tairi likiwa na presha hizo nusu mbili zinaruka na ziko karibu na uso wako. Halafu tairi likikataa kuachia usilikoroge na bisibisi, weka maji ya sabuni pale ukingoni ulibane na vaisi pole pole, juu mkwaruzo mmoja wa bisibisi pale tairi linapokalia ndio utakuwa unavuja upepo kila wiki.

Beringi pia watu wanazitoa kwa nyundo mpaka wanapasua rimu. Pasha rimu joto kidogo tu na hita ya hewa moto, alumini na magnesiamu zinatanuka kuliko chuma cha beringi, kwa hivyo tundu linapanuka na beringi inatoka kwa kusukumwa. Namba yake imechorwa ubavuni, enda nayo Kirinyaga Road watakupa ingine.

Kusafisha: osha grisi yote, sugua na brashi ya nailoni na msasa laini kwa mkono. Brashi ya waya wa chuma achana nayo, inaacha vipande vya chuma ndani ya rimu na kutu inaanzia hapo. Kama ni magnesiamu usiisafishe kwa asidi hata kidogo, na ule unga wa msasa ukusanye mara moja uuweke mbali na grinda na welding, unga ndio hatari kuliko rimu yenyewe.

Halafu ile sehemu mi napenda kuliko zote, kutafuta ufa. Wazee wa gereji walikuwa wanafanya hivi kabla ya mashine za kisasa: paka mafuta ya taa rimu yote, uache yaingie, upanguze mpaka kukauke kabisa, kisha upake unga wa chaki ya shule. Ukingoja kidogo, kama kuna ufa hata ule jicho haliuoni, mafuta yaliyojificha ndani yanatoka na kuchora mstari wa unyevu juu ya ile chaki. Angalia sana kuzunguka matundu ya bolti na pale katikati kwa habu, yaani kitovu kinachoshika rimu kwa ekseli. Rimu yenye ufa usiichomelee ukampa mtoto aendeshe. Hiyo itundike ukutani. Ile nzima ipake praima ya epoksi siku hiyohiyo, na kila mahali bolti ya chuma inagusana na rimu weka grisi, hasa ndugu zetu wa Mombasa, chumvi ya hewa ya huko haisamehei magnesiamu.

Kuna watu wataniambia huo ni mchezo wa matajiri, sasa rimu kuukuu ni za nini. Art Ingels alipotengeneza go-kati ya kwanza kule California mwaka wa 1956 alitumia injini iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine ya kukata nyasi. Ayrton Senna, bingwa wa mbio za Formula 1, alianza akiwa mtoto wa miaka minne na kigari baba yake alimtengenezea, injini ilikuwa ya mashine ya nyasi pia. Baba yake Michael Schumacher, bingwa mwingine wa Formula 1, alikuwa fundi wa kujenga kwa matofali kule Kerpen, Ujerumani, na alimuundia mwanawe go-kati kwa vipuri vilivyotupwa na wengine. Na hapa kwetu mtoto ambaye ameshaunda gari la mbao la beringi akashuka nalo mteremko mtaani anahitaji tu kuonyeshwa hatua inayofuata.

Kwa hivyo ombi langu ni hili. Wenye viwanja, hapo Langata Road na kule Athi River na kwingine, kabla hamjaita mtu wa mizani tengeni rimu, habu, sproketi (yale magurudumu ya meno ya mnyororo) na ekseli za zamani, mpigie simu chuo cha ufundi kilicho karibu, hata mkiwauzia kwa bei ileile ya kilo hamjapoteza kitu. Walimu wa ufundi, nyinyi nanyi mziombe, msingoje kuletewa, rimu moja kuukuu inafundisha beringi, bolti, aina za vyuma na usalama wa presha kwa wiki moja. Na wenye tanuru wekeni chupa ya siki hapo pembeni ya mizani, kila rimu ndogo ikiingia ipimwe kwanza, ikitoa vipovu iwekwe kando na isiingie motoni.

Fundi na msomaji wenu,
Kariobangi, Nairobi