Fedha ya likizo ya baridi itengwe wakati wa mavuno

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wazazi wenzetu wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa wenye watoto katika vyuo vikuu vya nje, hasa Marekani. Kila Desemba ni yale yale. Mvua zimeshika, fedha ya nyumbani imeingia kwenye mbegu, mbolea ya kupandia na vibarua, ada za wadogo zinasubiri Januari, halafu mtoto anapiga simu kwamba hosteli inafungwa Ijumaa na hana pa kulala. Wengi hudhani amezembea au ametapanya hela. Mara nyingi si hivyo. Hosteli kweli inafungwa, na tarehe ya kufungwa huwa imo kwenye kalenda ya chuo tangu anaripoti Agosti.

Muhula wa kwanza wa vyuo vingi vya Marekani huisha katikati ya Desemba, na wa pili huanza katikati ya Januari au baadaye kidogo. Hapo kati kuna wiki tatu hadi tano. Mwenyeji anarudi kwao, wa Vwawa au Makete hawezi. Kwa hiyo vyuo vingi vina utaratibu wa kubaki, ila mwanafunzi lazima auombe mwenyewe kwa fomu, mara nyingi Oktoba au Novemba. Vingine havitozi kitu, vingine hutoza kwa kila usiku, na vingine huwakusanya wote wanaobaki katika jengo moja.

Fomu hiyo si ya kuchezea. Milango ya mabweni mengi ya huko hufunguliwa kwa kadi, na siku ya kufunga, kadi ya kila ambaye jina lake halimo kwenye orodha ya wanaobaki huzimwa. Mtoto ametoka kununua mkate, anarudi saa 2 usiku, anagusisha kadi mlangoni, kitaa kinawaka chekundu. Nje ni nyuzi 10 chini ya sifuri, na ofisi ya mabweni imeshakwenda likizo. Namba ya walinzi wa chuo aiandike pia kwenye karatasi, maana katika baridi kali betri ya simu huisha ghafla. Anayehamia jengo lingine abebe siku hiyo hiyo pasipoti, fomu ya I-20 (hati ya chuo inayothibitisha uanafunzi wake huko Marekani), kompyuta, dawa na nguo nzito. Asiseme atavirudia kesho.

Chakula nacho. Malipo ya bwalo ya muhula kwa kawaida hayavuki kuingia likizoni. Kwa mtu mmoja, wiki nne, sisi tunapiga hesabu hii: mchele kilo 5, unga kilo 4, maharage kilo 2, mayai trei mbili, mafuta lita moja, vitunguu, na mboga za majani za kugandishwa ambazo ni nafuu kuliko mbichi wakati huo. Vinunuliwe kabla ya tarehe 23 Desemba, kwa sababu tarehe 25 maduka mengi hufungwa na mabasi ya mjini hupungua au husimama kabisa. Unga uwe mweupe wa mahindi. Ule wa Wameksiko umetokana na mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, na ugali wake una ladha nyingine kabisa. Kabla ya yote aulize kama jiko la jengo litakuwa wazi, kwani mabweni mengi hukataza kupika chumbani.

Na hapa tunasema kwa uchungu. Watoto wetu wamekulia mahali ambapo Juni na Julai jiko la mkaa huingizwa ndani watu waote. Huko asiwashe mkaa ndani, hata akiwa kwenye chumba cha kupanga mtaani. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu, na nyumba za huko zimezibwa kila upenyo upepo usiingie. Mtu husinzia asiamke. Chumba kikipoa, apige simu kwa walinzi au mafundi wa chuo, kwa kuwa wakati wa likizo joto la majengo huweza kupunguzwa na huenda hawajui kwamba yumo.

Koti anunue Mwanjelwa kabla ya kuondoka, wakati mitumba ya baridi bado imejaa sokoni. Viatu asubiri huko, vya kuzuia maji, vikubwa kidogo vipokee soksi nene.

Sasa fedha, na hapa ndipo makosa yetu wazazi yalipo. Ukiuza mahindi au kahawa, tenga fungu la likizo kabla halijaingia kwenye mbolea. Kwa chakula pekee tunashauri dola 250, malazi uongeze kulingana na chuo chake. Tuma kabla ya tarehe 10 Desemba, kwani muamala wa benki wa kimataifa huchukua siku kadhaa za kazi na sikukuu hazihesabiwi. Nenda na barua ya udahili na ankara ya chuo, benki zitakuuliza. Kwenye fomu chagua gharama zote zilipwe na mtumaji. Usipofanya hivyo, benki za katikati hukata chao njiani, malipo yanafika pungufu, na chuo kinahesabu kwamba chumba hakijalipiwa.

Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi wa Marekani, anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, na muda wote wakati wa likizo. Kazi za nje bila kibali asiziguse, atapoteza hadhi yake ya uanafunzi. Anayetaka kuja nyumbani aangalie kwanza saini ya safari kwenye I-20, ambayo kwa anayeendelea na masomo hudumu mwaka mmoja, na aulize ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kuhusu viza kabla ya kukata tiketi. Wapo wanaokwama nyumbani ilhali muhula umeanza.

Walio China kalenda yao ni nyingine. Likizo hufuata mwaka mpya wa Kichina, ambao 2027 utaangukia Februari 6. Akilala kwa rafiki nje ya chuo, aandikishwe polisi ndani ya saa 24.

Tunawaomba mawakala wanaopeleka watoto nje waandike gharama ya likizo ya baridi kwenye karatasi ile ile ya ada na hosteli. Mzazi anayesoma “hosteli mwaka mzima” anaamini ni mwaka mzima.

Mwisho, mpigieni simu. Boston katikati ya Desemba jua huzama kama saa 10 na robo jioni, na jengo la watu mia linaweza kubaki na watano. Saa 11 jioni ya Mbeya kwake ni saa 3 asubuhi, ameamka, na ofisi za chuo kama bado ziko wazi ndiyo zinafunguliwa.

Wazazi na walezi wa wanafunzi walio nje,
Mbeya