Usimkate Mwalimu katikati ya wimbo

Mwanangu,

Ujumbe wako ulinikuta sokoni, nikausoma papo hapo nimeinamia mafungu ya omena. Yule mama wa omena akaniuliza kama kuna msiba, maana nilikuwa nimeshika mdomo. Nikamwambia hapana, ni mtoto wangu wa Nakuru, amechoka kupiga video za harusi, sasa anataka kuja kumpiga video Japuonj, yaani Mwalimu, wetu wa kwaya.

Jana baada ya rozari nilimpelekea habari. Hakusema ndiyo wala la. Aliuliza mtakuja wangapi, nikamwambia wawili. Akasema, "Waje kabla ya mvua." Kwa Mwalimu hiyo ni ndiyo, tena kubwa.

Na kuhusu mvua hana mzaha. Kanisa letu ni mabati matupu, halina dari. Unajua Kisumu ilivyo: asubuhi jua kali, mchana mawingu yanajikusanya juu ya ziwa, jioni yanamwagika. Ikianza kupiga pale juu, hata besi hawasikiani wao kwa wao, sembuse maiki yako. Basi fanya hivi: umrekodi nyumbani kwake asubuhi, kwaya uirekodi Jumamosi kwenye mazoezi. Jumapili uje kusali tu. Ukitaka kumhoji pale nje ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresa baada ya Misa, jua kwamba Jumapili ndiyo siku soko la Kibuye linapofurika. Utarudi Nakuru na sauti ya watu wa mitumba wakitangaza bei.

Taa za kanisani nazo uziangalie. Unakumbuka harusi ya shangazi yako, picha zilivyokuwa zinapepesa kama mtu mwenye kope za wasiwasi? Ulinieleza mwenyewe kwamba umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na kamera ulikuwa umeiwekea mwendo usiolingana nao. Shangazi hajasahau. Huyu mzee hatarudia.

Sasa nikuambie linalonikera kwenye video za kwaya, kisha niliache. Sare mpya, majani ya bustani, watu wameyumba kushoto, wameyumba kulia, midomo ikifuata wimbo uliorekodiwa studio miezi sita iliyopita. Halafu wanapelekwa Dunga wasimame mbele ya mitumbwi, kana kwamba wavuvi ndio waliotunga. Mwalimu ukimpeleka Dunga atakwenda kwa adabu, atasimama utakapomsimamisha, na utakuwa huna kitu.

Kitu kiko mezani kwake. Ana meza ndogo chini ya dirisha, rula ya shule, penseli fupi kuliko kidole na kifutio kilichokuwa cheusi tangu ukiwa darasa la nne. Hatumii ile mistari mitano ya noti. Anaandika sol-fa, herufi saba tu, d r m f s l t, nuktambili zikitenga mapigo na kistari kikivuta sauti. Ni ufundi uliotoka Uingereza: mwalimu mmoja wa Norwich, Sarah Glover, ndiye aliyeuanzisha, John Curwen akaueneza katika karne ya 19, wamisionari wakaja nao huku. Umetufaa kwa sababu hata taipureta ya parokia iliweza kuuandika. Safu nne, soprano juu, besi chini, na maneno chini yake.

Lakini haanzi na herufi. Anaanza kwa kusema. Anachukua neno moja, "utuhurumie", analisema akigonga meza, analisema tena, anatembea nalo hadi jikoni na kurudi. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na pigo zito la wimbo likiangukia kwingine, neno linavunjika shingo. Kwa Dholuo ni kazi zaidi, maana huko sauti ikipanda pasipofaa neno linageuka kuwa neno lingine, na hutaki kumwambia Mungu neno lingine. Mwache agonge hiyo meza mpaka achoke. Usikate. Najua watu wa video mnaogopa kimya kama paka anavyoogopa maji, ila hapo ndipo wimbo unapotungwa, na mimi niliyeimba nyimbo zake miaka ishirini na saba nimeliona hilo kwa macho mara mbili tu.

Mwaka mmoja alituletea wimbo mpya wa "Mtakatifu" wa Misa. Tukaimba ukurasa wa kwanza, mzuri sana, soprano wakaanza kutabasamu. Yeye akanyanyua mkono. "Nani huyo mtakatiFU?" Hatukuelewa. Akaimba mwenyewe, taratibu, na kweli pigo zito lilikuwa limekalia "fu", na "ti" imepita kama abiria aliyekosa siti. Kosa lilikuwa lake. Angeweza kusema tu, "Hapo mkaze ti." Akakusanya karatasi zote, thelathini na mbili, akakaa kwenye benchi la mbele, akafuta na kusahihisha moja baada ya nyingine kwa ile penseli. Giza likaingia, boda wakapandisha bei, tenor wawili wakanung'unika hadi wakalala. Karatasi yangu ilipofika ilikuwa na tundu dogo pale alipofuta. Tulipoimba tena, hakuna aliyenung'unika.

Utataka kumuuliza historia yake. Muulize, lakini si kwa lile swali lenu la "ulijisikiaje". Mzee ukimuuliza alijisikiaje atakujibu "vizuri" na kuangalia dirishani. Muulize alisimama wapi siku aliposikia ngoma kanisani mara ya kwanza. Atakueleza mpaka rangi ya kanzu. Alikuwa mtumikiaji altareni enzi Misa ikisomwa Kilatini, padri akiwapa watu mgongo. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ukatoa hati yake ya liturujia, yaani taratibu za ibada, na siku nane baadaye Kenya ikapata uhuru. Yeye huzisimulia tarehe hizo kama sikukuu moja, na mimi simsahihishi. Ibara ya 119 ya hati hiyo anaijua kwa kichwa, ile inayosema watu wa nchi za misioni wana muziki wao wenyewe, nao upewe heshima yake. Ukiona hujui pa kuanzia, taja tu "119" halafu washa kamera haraka.

Tena miaka 60 kabla ya hapo, tarehe 22 Novemba 1903, siku ya Mtakatifu Sesilia, Papa Pius wa Kumi alikuwa ametoa maagizo yaliyokataza piano na ngoma kanisani. Wanawake nao wasiwe katika kwaya, sauti za juu ziimbwe na wavulana. Kwa maagizo hayo mama yako, alto mzima, angekaa kwenye benchi na leso yake akisikiliza watoto wa watu.

Uliniuliza uje lini. Wenzako watakwambia Pasaka, kuna kayamba, kuna vigelegele, picha inajaa. Mimi nasema uje Kwaresima. Utukufu hauimbwi, aleluya imefungiwa, vyombo ni vya kusindikiza sauti tu, na Mwalimu huviondoa kabisa. Hapo ndipo utasikia kama mtu anajua kutunga au alikuwa amejificha nyuma ya ngoma. Rekodi wimbo mmoja wote. Usiuweke chini ya maneno ya mtu kama mchuzi chini ya ugali, uache usimame peke yake toka pumzi ya kwanza mpaka mwangwi uishe kwenye mabati.

Na makubaliano yaandikwe, tafadhali. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inampa mtunzi haki ya kazi yake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, hata kama kazi yenyewe ni ya kumsifu Mungu. Watu wetu wakisikia "wimbo wa kanisa" wanafikiri hauna mwenyewe.

Nasema watu wetu, mwanangu, lakini nakusudia mimi. Hili sijakuambia. Nilipokuwa katibu wa kwaya, ndiye niliyepelekwa mjini kutoa kopi za wimbo wake wa matoleo, ule wanaoupenda mpaka Kakamega. Karatasi ilikuwa kubwa kidogo kuliko mashine. Kijana akaniuliza, "Mama, kona hii inakatika, ni sawa?" Nikaangalia. Kona ya juu kulia, jina lake na tarehe. Herufi zote za wimbo zilikuwemo. Nilikuwa na matatu ya kuwahi, nikamwambia ni sawa, toa arobaini.

Zile kopi zilisambaa, zikatolewa kopi zake, nazo zikatolewa kopi. Miaka michache baadaye kwaya moja ya mbali ikaurekodi, na kwenye kasha la kanda, mahali pa mtunzi, wakaandika "haijulikani". Kanda hiyo iliuzwa hapa hapa mbele ya kanisa letu. Mwalimu aliinunua. Alilipa, akarudishiwa chenji, akasoma kasha, akaitia mfukoni.

Hakusema kitu, si siku hiyo wala baadaye. Ila tangu hapo jina lake haliandiki tena kwenye kona. Analiandika kwa herufi ndogo kabisa katikati ya safu ya besi na maneno yake, mahali ambapo hakuna mtu atakayelikata bila kukata besi yote. Vijana wa sasa hawajui sababu, wanadhani ni mtindo wake. Hilo ulipige kwa karibu sana, kamera ikae mpaka lisomeke.

Ile karatasi ya kwanza, yenyewe hasa, ninayo. Imekaa kwenye Biblia kubwa, na kona yake ipo nzima. Jumamosi nitakuja nayo kwenye mazoezi. Ukiniona namwendea Mwalimu nimeishika, wewe zima kamera utoke nje.

Uje na sweta, usiku kuna baridi ya mvua. Yule mwenzako mwambie hapa tunakula samaki na kichwa chake.

Mama yako